HSG, ultrasaundi ya ndani au sono ya maji? Ukiandikiwa kipimo cha kizazi, ujue unachokwenda kufanyiwa

Karatasi ya daktari mara nyingi huwa na herufi tatu tu: TVS (ultrasaundi ya ndani), HSG (eksirei ya mirija ya uzazi), SIS (sono ya maji), pengine MRI. Unatoka nayo, unaipeleka dirisha la malipo, unatajiwa bei, na hapo ndipo maswali yanapoanza kukujia. Hiki kinaingizwa wapi? Kinauma? Si nilipiga ultrasaundi mwezi uliopita, hii nyingine ya nini? Foleni nyuma yako ni ndefu na anayepokea hela hana majibu hayo. Basi tuviweke vipimo hivi ubavu kwa ubavu, tuone kila kimoja kinajibu swali gani, kinafanywaje, na kipi ulipie kwanza kama fedha haitoshi vyote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wanawake wengi wanaotafuta mtoto hupoteza fedha kwa kurudia kipimo ambacho tangu mwanzo hakina uwezo wa kujibu swali lao. Ultrasaundi ya kawaida haiwezi kukuambia kama mirija iko wazi. Piga tatu, piga nne, kwa mashine mpya kuliko zote mjini, mrija wenye afya hauonekani kwenye kioo. Kinachoweza kuonekana ni mrija ulioharibika hadi ukajaa maji na kuvimba. Kwa hiyo ripoti ikisema "kizazi na ovari viko sawa", haijasema lolote kuhusu mirija, na anayekuambia imesema anakudanganya au hajui.

Kabla hata hatujafika kwenye mashine, kuna jambo moja la kumaliza nyumbani. Kama suala ni kutopata ujauzito, mume apime mbegu kwanza. Tatizo la upande wa mwanaume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, na kipimo chake hakimwingizii mtu chombo chochote mwilini: anakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga mbegu, anatoa sampuli kwenye kichupa, basi. Haieleweki mwanamke apigwe dawa ya rangi kwenye kizazi ilhali mwenzake hajagusa hata mlango wa maabara. Mama mkwe akiuliza, mwambieni daktari ndiye aliyetaka hivyo. Hautakuwa uongo, madaktari wengi wa uzazi hutaka hivyo.

Ultrasaundi ya juu na ultrasaundi ya ndani

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa sana, na tofauti ya kwanza utaiona kwenye kibofu chako. Ya juu ya tumbo inataka mkojo umejaa: unaambiwa unywe maji kama lita moja, usubiri karibu saa nzima bila kwenda chooni. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo pembeni na kuwa dirisha la kukitazama kizazi. Ya ndani ni kinyume chake, unakojoa kwanza. Ukiwa umekunywa maji yako yote halafu ukaambiwa "nenda kajisaidie kwanza, hii ni ya ukeni", usidhani wanakuchezea.

Ya juu haina la kueleza sana. Jeli ya baridi juu ya tumbo, kifaa kinasukumwa chini ya kitovu, kero kubwa ni mkojo unaobana. Inafaa kuona uvimbe mkubwa uliopanda juu ya nyonga, mimba iliyokua, na kwa msichana au mwanamke ambaye hajawahi kujamiiana. Huyo wa mwisho asilazimishwe ya ndani. Akiwa bikira aseme pale pale, bila haya. Afanyiwe ya juu, na ikishindikana kuona vizuri zipo njia nyingine za kujadiliana na daktari.

Ya ndani hutumia kifaa chembamba kirefu kinachovishwa kondomu mpya, kinapakwa jeli na kuingizwa ukeni sentimita chache. Unalala chali, magoti yamekunjwa, shuka au khanga juu yako. Kifaa kinageuzwa huku na huku, wakati mwingine mkono wa pili unabonyeza tumbo kwa juu. Utasikia kusukumwa, lakini kwa wengi hakuna maumivu makali. Ikiuma sana sehemu moja, sema, kwa sababu mahali panapouma ni habari kwa anayepima: ovari isiyosogea na inayouma ikiguswa inaweza kuwa na makovu au endometriosisi, yaani tishu kama ya ukuta wa ndani wa kizazi iliyoota nje yake. Inachukua dakika kumi hadi ishirini, na unarudi kazini.

Kwa nini ya ndani iwe bora kwa mambo madogo? Kifaa kiko karibu na kizazi, kwa hiyo kinaweza kutumia mawimbi yenye masafa ya juu zaidi, yanayoonyesha vitu vidogo lakini hayafiki mbali. Ndiyo maana daktari anayefuatilia yai linavyokua, hadi lifike kama milimita 18 au zaidi kabla ya kupasuka, hatumii ya juu. Ndiyo maana pia mama aliyekoma hedhi kisha akatokwa damu hupimwa unene wa ukuta wa ndani wa kizazi kwa njia hii. Ukiwa milimita 4 au chini ya hapo, hatari ya saratani ya ukuta huo huwa ndogo sana. Ukizidi, hatua inayofuata kwa kawaida ni kuchukua kinyama kidogo kikapimwe. Na damu ikiendelea kurudi, arudi hospitali hata kama kipimo kilisoma vizuri.

Mimi nikiombwa ushauri na mwenye hedhi nzito, maumivu ya nyonga, au anayeshukiwa faibroidi, nasema aanze na ultrasaundi ya ndani, na ya juu iongezwe kama uvimbe ni mkubwa. Ni rahisi kupatikana, haina mionzi, na inajibu mengi. Ila ikishajibu, isirudiwe kila mwezi kwa sababu ya wasiwasi tu.

Unaweza kuomba mpimaji mwanamke. Pengine hayupo siku hiyo, lakini nesi wa kike kukaa chumbani ni ombi la kawaida kabisa na hakuna anayepaswa kulishangaa.

HSG, kipimo cha mirija

Hiki ndicho kinachoogopwa, na hofu yake nyingi imetoka kwenye hadithi za foleni. Tukiangalie polepole.

HSG ni eksirei ya kizazi na mirija ikiwa imejazwa dawa ya rangi yenye madini ya joto, yaani ayodini. Kizazi na mirija havionekani kwenye eksirei tupu, na dawa ndiyo inayochora umbo lake. Inajibu maswali mawili: ndani ya kizazi kukoje, na mirija inapitisha? Mrija una urefu wa kama sentimita 10 hadi 12 na tundu lake upande wa kizazi ni jembamba sana, kwa hiyo haihitajiki balaa kubwa kuuziba. Maambukizi ya nyonga yatokanayo na klamidia au kisonono, uchafu uliobaki baada ya kujifungua au mimba kuharibika, kifua kikuu kilichofika kwenye uzazi, upasuaji wa tumbo uliopita: haya yote huacha makovu. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara mirija iliyoharibiwa na maambukizi ndiyo ilikuwa chanzo kikubwa cha ugumba kuliko sehemu nyingine za dunia. Ndiyo sababu madaktari wetu hawakawii kuandika HSG.

Siku ya kwenda haichaguliwi kwa nafasi yako ya kazi. Hesabu siku ya kwanza ya hedhi kuwa siku ya 1. HSG hufanyika baada ya damu kukauka na kabla yai halijatoka, kwa wengi kati ya siku ya 6 na ya 11. Kuanzia hedhi ile ianze hadi kipimo kiishe, msikutane na mume, au mtumie kondomu. Sababu ni moja: mimba changa isije ikakutwa humo. Ukifika hospitali wengi watakupima mkojo hata kama una hakika. Mwenye mzunguko usioeleweka ndiye anayepata shida hapa, na inabidi azungumze na daktari kabla ya kukata tarehe.

Waambie kabla, usingoje waulize, kama una uchafu unaonuka au maumivu ya tumbo ya siku za karibuni, kama una tatizo la tezi ya shingo, kama uliwahi kupata athari ya dawa ya rangi kwenye CT au HSG nyingine. Huku pwani kuna imani kwamba asiyepatana na kamba au ngisi hawezi kuchomwa dawa yenye ayodini. Si kweli, mzio wa viumbe vya baharini unatokana na protini zao, na hauhusiani na ayodini. Lakini mtaje mzio wowote mkubwa ulio nao, pamoja na pumu.

Saa moja kabla, meza dawa ya maumivu uliyoshauriwa, mara nyingi ibuprofeni au diklofenaki kama huna vidonda vya tumbo. Kula kidogo, tumbo tupu na woga vikikutana ndipo watu wanapozimia. Beba pedi, khanga ya ziada, na mtu wa kurudi naye.

Chumbani sasa. Unapanda meza ya eksirei, baridi kama meza zote za eksirei, unasogea hadi makalio yawe karibu na ukingo, magoti juu. Wanaweza kupiga picha moja ya mwanzo kabla ya dawa. Daktari anaweka spekulamu, chombo kile kile cha kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, anasafisha mlango kwa dawa, kisha anapitisha mpira mwembamba. Baadhi ya mipira ina puto dogo linalojazwa maji au hewa ili usichomoke. Wengine bado hutumia chombo cha chuma na koleo la kushika mlango wa kizazi, na hilo koleo likibana utaruka. Spekulamu ikitolewa mapema unapata nafuu kidogo.

Halafu dawa inasukumwa. Hapa ndipo panapouma: maumivu ya kubana chini ya kitovu, kama ya hedhi kali, yanapanda haraka na kushuka haraka. Kwa wengine ni kero tu. Kwa wengine ni makali kweli kweli, na anayewaambia "haiumi" anawakosea heshima. Kusukuma kwenyewe ni dakika chache. Tangu kupanda meza hadi kushuka ni kama dakika 15 hadi 30. Pumua kwa mdomo, taratibu, legeza makalio. Ukiona huwezi, sema "subiri" na atasimama. Kusukuma polepole hupunguza maumivu, na pia hupunguza kile kitakachokuja kukusumbua kwenye ripoti, nitakieleza sasa hivi.

Ukiweza kuangalia kioo, angalia. Utaona pembetatu nyeupe iliyopinduliwa, hicho ni kizazi. Kutoka pembe zake mbili za juu zinachomoza nyuzi mbili nyembamba zinazojikunja, hiyo ni mirija. Mwishoni uzi unapanuka, na dawa inamwagika kwenye nyonga na kutawanyika. Kumwagika huko ndiko kunakotafutwa. Unaweza kuambiwa ugeuke ubavu ili picha ichukuliwe tena.

Na hapa kuna swali ambalo ningetamani kila mwanamke aliulize anapokata tarehe: mashine yenu inaonyesha dawa ikipita moja kwa moja, au mnapiga picha moja moja? Kwenye mashine ya kuonyesha mwendo, daktari huona dawa ikiingia, ikisita, ikipenya. Kwenye hospitali zenye eksirei ya kawaida, dawa inasukumwa, picha inapigwa, dawa tena, picha tena, na tukio la sekunde chache linaweza kupita katikati ya picha mbili. Kama una nafasi ya kuchagua, nenda kwenye mashine ya mwendo hata kama ni safari ya mkoa wa pili.

Mionzi unayopata kwa kawaida ni kidogo, iko karibu na kile ambacho mtu hupata kwa mwaka mmoja kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali yoyote, au chini yake. Haiharibu mayai.

Ukishuka mezani, kaa kidogo kabla ya kusimama. Dawa hutoka ikinata, na matone ya damu kwa siku moja au mbili. Tumia pedi, usiingize kitu ukeni, na muulize daktari lini mtarudiana na mume. Wengi husema baada ya siku moja hadi mbili. Homa, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au damu nyingi ndani ya siku chache zinazofuata: rudi hospitali siku hiyo hiyo. Maambukizi hutokea kwa wachache, lakini hatari huwa kubwa kwa wenye mirija iliyovimba, na kwa hao antibiotiki huandikwa mara inapoonekana.

Ripoti ikisema "imeziba"

Nakaa hapa kidogo kwa sababu machozi mengi humwagwa mahali hapa, na fedha nyingi pia.

HSG si hakimu wa mwisho. Uchambuzi wa mwaka 1995 uliokusanya tafiti 20 ulionyesha hivi: kati ya wanawake 100 ambao mirija yao kweli imeziba, HSG hugundua kama 65. Kati ya 100 ambao mirija yao ni mizima, kama 17 huonekana na tatizo ambalo hawana. Sababu moja ya hao 17 ni mkazo: msuli wa kizazi unabana pale mrija unapoanzia, kwa maumivu, kwa woga au kwa dawa kusukumwa kwa nguvu, na dawa inashindwa kuingia. Picha inatoka mrija umekatika palepale mwanzoni. Wengi wa namna hii, kipimo kikirudiwa, mirija hupitisha.

Kwa hiyo isome ripoti imeziba wapi. Ikiwa ni mwanzoni, karibu na kizazi, na mrija wenyewe haujaonekana kuvimba, omba maoni ya pili kabla ya kuamini. Ikiwa ni mwishoni, na mrija umetanuka kwa maji, habari ni nzito zaidi na kuna uwezekano mdogo kuwa ni mkazo. Mrija wa namna hii, hata kama mnakwenda kwenye upandikizaji wa mimba (IVF), hupunguza nafasi ya kufanikiwa, karibu kwa nusu, ndiyo maana madaktari wengine hutaka uondolewe au ufungwe kwanza. Mrija mmoja ukiwa mzima, mimba bado inawezekana.

Na wale wenye chupa? Ukiandika tu neno mirija kwenye simu, watakufuata na dawa ya kuzibua, ya kusafisha kizazi, ya kutoa uchafu. Hakuna dawa ya kunywa au ya kuweka ukeni iliyothibitishwa kuyeyusha kovu la mrija. Zile za kuweka ukeni zinaweza kuunguza na kuleta maambukizi mapya, yaani chanzo kile kile cha kuziba. Wanaotoa ushuhuda kwamba walizibuliwa, baadhi yao pengine ni miongoni mwa wale 17 ambao mirija yao haikuwa imeziba.

Jambo la kweli lililo karibu na hilo ni kwamba HSG yenyewe huonekana kusaidia. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa 2017 uliwagawa wanawake 1119: wengine walipigwa HSG kwa dawa ya mafuta, wengine ya maji. Ndani ya miezi sita, walioshika mimba iliyoendelea ni asilimia 39.7 upande wa mafuta na 29.1 upande wa maji. Hao walikuwa wanawake wa miaka 18 hadi 39 wasio na dalili kubwa za kuharibika mirija, kwa hiyo usijihesabu humo kabla ya daktari kukuangalia. Dawa ya mafuta ina ayodini nyingi na inakaa muda mrefu mwilini, ndiyo sababu ya kuuliza kuhusu tezi. Hospitali nyingi hutumia ya maji. Muulize tu wanatumia ipi. Na kwa vyovyote, miezi michache baada ya HSG nzuri ni miezi ya kujaribu.

Sono ya maji, na povu

Hii ni ndugu wa HSG asiye na mionzi. Mpira mwembamba ule ule unapitishwa mlango wa kizazi, lakini kinachoingizwa ni maji ya chumvi safi, mililita chache tu, huku ultrasaundi ya ndani ikitazama. Maji hufungua kizazi kilichokuwa kimejibana, na kinyama kinachoning'inia au faibroidi inayochungulia ndani inaonekana wazi. Siku zake ni zile zile za baada ya hedhi. Maumivu yapo, ila kwa wengi ni madogo kuliko ya HSG.

Ukiiweka kando ya HSG, kwa swali la ndani ya kizazi naichagua sono bila kusita. Doa jeusi kwenye HSG linaweza kuwa kinyama, faibroidi, au kipovu cha hewa kilichoingia na dawa. Sono huonyesha na ukuta wenyewe, kwa hiyo mpimaji anajua kitu kimeota kutoka wapi. Mwenye hedhi zisizoisha, au mimba zinazoharibika, ataikuta na faida zaidi.

Kwa mirija, maji matupu hayatoshi, kwa sababu hayaonekani yakipita. Wataalamu huchanganya na vipovu vya hewa au povu maalumu linalong'aa kwenye ultrasaundi. Uholanzi walilinganisha njia ya povu na HSG kwa wanawake zaidi ya 1000, na waliofuata matokeo ya povu walipata watoto kwa kiwango karibu sawa na waliofuata ya HSG. Uingereza, mwongozo wa 2013 unasema njia hii ifikiriwe pale penye mtaalamu wake. Neno lenyewe ni mtaalamu. HSG inaacha picha ambazo daktari mwingine anaweza kuzisoma. Povu linahitaji jicho lililozoea, pale pale, wakati ule ule. Afrika Mashariki hupatikana zaidi kwenye vituo vya uzazi vya miji mikubwa. Ukiambiwa wanafanya, uliza wanafanya kwa wanawake wangapi kwa wiki. Wakisitasita, rudi kwenye HSG.

Vilivyobaki, kwa ufupi

MRI haina mionzi wala kifaa cha ukeni. Unalala ndani ya mtungi unaopiga kelele, nusu saa au zaidi, bila kusogea. Sema kama una chuma mwilini. Ni nzuri sana kuonyesha faibroidi nyingi ziko wapi kabla ya upasuaji, na endometriosisi iliyozama ndani. Kwa kujua kama mirija imefunguka, MRI ya kawaida ni kupoteza hela.

Laparoskopi ni upasuaji wa matundu madogo chini ya nusu kaputi. Kamera inaingia karibu na kitovu, dawa ya bluu inasukumwa kupitia mlango wa kizazi, na daktari anaitazama ikitoka mwisho wa mirija. Inaona makovu yaliyo nje ya mirija na endometriosisi, ambavyo HSG haioni vizuri, na inaweza kuvitibu hapo hapo. Mwongozo ule wa Uingereza unaitaka moja kwa moja kwa mwanamke ambaye alishapata maambukizi ya nyonga, mimba nje ya kizazi au endometriosisi. Kwetu gharama na uhaba wa vifaa hufanya HSG itangulie hata kwa hao, na sioni kosa, mradi isiwe ndiyo mwisho.

Ningechagua hivi

Una miaka chini ya 35, mmejaribu mwaka mzima, hujawahi kuumwa nyonga: mume apime, wewe upigwe ultrasaundi ya ndani, kisha HSG. Ukifika 35, usingoje mwaka. Miezi sita inatosha. Kama uliwahi kupata mimba nje ya kizazi au PID (maambukizi ya nyonga) kali, ongea na daktari kuhusu laparoskopi mapema, ikiwa bima au mfuko unaruhusu. Hedhi ni nzito na ultrasaundi imesema "ukuta mnene" bila maelezo: sono ya maji. Uliwahi kusafishwa kizazi na tangu hapo hedhi imekuwa matone tu: hapo kuna uwezekano wa makovu ndani, na HSG au sono zote zinaweza kuyaonyesha, ingawa kamera ya kuingia ndani ya kizazi ndiyo itakayothibitisha na kuyakata. Tumbo limepanda kama mimba na unasikia uvimbe kwa mkono: ultrasaundi ya juu na ya ndani pamoja, mirija ingoje.

Mambo ya bima yaulizwe kabla ya siku. Vipimo vya "ugumba" mara nyingi huwa na masharti tofauti na vipimo vya "maumivu" au "kutokwa damu", na sababu aliyoandika daktari kwenye fomu ndiyo inayosomwa. Kenya, ambako mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, usitegemee majibu ya zamani ya jirani yako.

Na ukimaliza, usiondoke na karatasi ya ripoti peke yake. Omba picha zenyewe, filamu au CD, uandike juu yake tarehe na siku ya mzunguko uliyopimwa. Daktari wa pili atakayekuangalia atataka kuona dawa ilipokatikia kwa macho yake, na bila picha atakuandikia HSG nyingine.